"Mwanangu amechukua simu yangu, eti narudi utotoni"

SWALI: Nina miaka 67, mwalimu mstaafu, naishi Tanga na mwanangu wa kwanza. Siku hizi majina yananipotea. Mwanafunzi niliyemfundisha ananiamkia barabarani, uso naujua, hata dawati alilokaa nalikumbuka, jina haliji; linakuja usiku nimeshajilaza. Mkamwana wangu anasema jambo moja ananiambia mara tatu na bado nalisahau. Redio wanalalamika naifungulia juu mno. Usingizi ni wa mang'amung'amu, bila Piriton silali. Sukari ninayo, mwaka wa kumi sasa natumia metformini. Bao bado nacheza, ila polepole. Mwezi uliopita kijana alichukua simu yangu, pensheni anatoa yeye, eti nisije nikatapeliwa. Je, ndiyo akili inaondoka?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Barua yako nimeirudia, na naanza na lile linalokukosesha raha: sioni dalili ya akili kuondoka. Mwenye ugonjwa wa kusahau, yaani demensia, mara nyingi si yeye anayelalamika. Watu wa nyumbani ndio wanaoona, yeye anashangaa wanazungumzia nini. Wewe umejua kipi kimebadilika na tangu lini. Hicho si kipimo cha daktari, lakini mimi kinanipa moyo.

Majina kupotea ni mambo ya umri. Ubongo husinyaa kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda, pamoja na hipokampasi, sehemu inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya. Kasi ya kufikiri nayo hushuka, tena huanza mapema kuliko watu wanavyodhani, ila kijana haioni. Majina ya watu hutangulia kukwama kwa sababu hayana pa kushikia. Ukikumbuka kwamba mtu ni fundi cherehani, unakumbuka na duka lake na nguo aliyokushonea. "Hamisi" halikupi chochote cha kulifuata. Na jina linalokuja usiku halijafutika, limechelewa tu.

Msamiati na maarifa ya miaka mingi ndiyo hudumu. Ndiyo maana bao lako limenifurahisha. Anayecheza polepole lakini bado anajua, kabla hajainua kete, kwamba mtaji wake, yaani zamu ya kula kete za mwenzake, utazunguka na kuishia shimo lipi, kichwa chake kinafanya kazi nzito. Ningekuwa na wasiwasi kama ungeniambia kwamba unashika kete na hujui tena zinakwenda upande gani.

Sasa nije kwenye yale ambayo umeyataja kwa kupita, nami siwezi kuyapita. Kwanza sikio. Redio iko juu, mkamwana anarudia mara tatu: naona hapo huenda tatizo ni kusikia. Usikivu wa uzeeni huanza kupungua kwenye sauti nyembamba, kwa hiyo sauti za wanawake na watoto hutangulia kufifia, na herufi kama s, f na sh zinapotea ndani ya neno. Ubongo unatumia nguvu kuunganisha vipande ulivyosikia, unabaki na nguvu kidogo ya kuweka kumbukumbu. Mkamwana akisema akiwa jikoni, sufuria zinagongana, huenda hujasahau, huenda hukusikia. Wakati mwingine ni nta tu imeziba. Nenda ukaangaliwe, na usichokoe kwa njiti ya kiberiti. Usikivu hafifu usiposhughulikiwa ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya demensia, kwa hiyo usilione jambo dogo.

Pili, Mwalimu, hiyo Piriton. Ni dawa ya mzio na mafua, usingizi ni athari yake tu. Inazuia kemikali ambayo ubongo huitumia kuweka kumbukumbu, na kwa mtu wa umri wako inaweza kuleta usahaulifu, kuchanganyikiwa na hata kuanguka unapoamka usiku. Madaktari wanaohudumia wazee huiepuka. Usingizi wa mzee huwa mwepesi na huisha mapema. Kuamka saa kumi alfajiri peke yake si ugonjwa. Punguza kulala mchana, na kahawa ya barazani iishie kabla ya alasiri.

Metformini usiiache. Lakini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta usahaulifu unaotibika. Ukifika Bombo, au hospitali nyingine iliyo karibu, omba wapime B12, tezi ya shingoni, presha na sukari. Beba dawa zote unazotumia, hata za dukani, umwekee daktari mezani. Mweleze pia kama moyo umekuwa mzito, maana huzuni nayo hufanana sana na usahaulifu.

Ikitokea umepotea njia ya msikitini unayoipita kila siku, au unauliza swali lilelile baada ya dakika chache, usisubiri. Na ukichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku mbili tatu, ni dharura: huenda ni sukari imeshuka, malaria au maambukizi ya mkojo. Uende siku hiyohiyo.

Kijana wako najua anakupenda, lakini amekosea. Utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unawanasa hata wanachuo, na hakuna anayewanyang'anya simu. Na hayo maneno ya "kurudi utotoni" yananiudhi. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta takriban 6 tu katika kila 100 wana demensia. Kumhukumu mzee kabla ya kipimo ni kumvunjia heshima, na mzee asiyeachiwa kuamua lolote, asiyeshirikishwa lolote, kichwa chake kinakosa kazi.

Mwite mkae, mkamwana awepo. Simu irudi, namba ya siri ibaki kwako, na mkubaliane kiasi ambacho kabla hujatuma utampigia kwanza. Kisha mwambie akusindikize hospitali, aingie nawe kwa daktari, asikie kwa masikio yake. Majibu yakitoka, niandikie.