Mita imelia "pii", pasi irudi kwa mwenyewe?

Shikamoo fundi. Natengeneza pasi, birika na majiko ya umeme hapa Ujiji. Nikimaliza kifaa, naweka mita kwenye alama ya mlio, ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi, nyingine kwenye bodi. Ikilia, namrudishia mteja. Juzi mama mmoja amerudisha pasi, anasema imempiga shoti. Nimepima tena na mita inalia vizuri tu. Tatizo liko wapi?
*Fundi kijana, Ujiji*

Marahaba, mwanangu. Nikusifu kwanza, maana wewe unapima. Hapa Tabora nina wenzangu, siwataji, ambao kipimo chao ni kuchomeka, kuona taa nyekundu imewaka, na kupokea hela.

Ila mlio wa mita umewekwa kukuonyesha kama waya umefika upande wa pili, basi. Mita nyingi hulia hata njia ikiwa na omu 30 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi njia inavyouzuia umeme). Sasa piga hesabu. Laivu, waya unaoleta umeme, ikigusa bodi ya pasi, volti 230 ukigawa kwa 30 unapata ampea 7 na ushee. Fyuzi ya plagi ni ampea 13. Haikatiki ng'o! Bodi inabaki na umeme, na mama wa watu kaishika akiwa peku kwenye sakafu aliyotoka kuipiga deki.

Kuna na jambo la pili. Mkondo unaotoka kwenye mita ni mdogo mno, sehemu ya elfu moja ya ampea hivi. Waya wa ethi, ule unaounga bodi na pini ndefu ili umeme ukivuja uende ardhini, hata ukibakiwa na uzi mmoja tu wa shaba unaupitisha bila taabu, na mita inafurahi. Siku hitilafu inapotokea kweli, uzi huo unaungua kabla ya fyuzi. Waya wa pasi hukatikia shingoni, pale unapoingilia mpirani, kwa sababu ndipo unapokunjwa kila siku. Nakisia pasi ya yule mama ina ugonjwa huo, maana ukiilaza mezani inapima vizuri, na ukiivuta inakatika.

Kipimo kinachotakiwa kwenye kifaa chenye ethi ni hiki: kutoka pini ndefu hadi bodi, ukinzani usizidi omu 0.1, ukiongeza juu yake ukinzani wa waya wenyewe. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 una omu 0.026 kwa kila mita moja ya urefu. Pasi yenye waya wa mita mbili, basi, isizidi 0.15. Mita yako ya kawaida haiwezi kukuthibitishia hilo. Gusanisha ncha zake mbili uone, mara nyingi zenyewe zinasoma 0.2 au 0.3, au zaidi. Ukitoa hiyo unaweza kugundua ethi mbovu kabisa, lakini nzuri huwezi kuitolea hakikisho.

Mashine maalumu ya kupimia vifaa ipo, na ina bei yake. Kama hujaifikia, fanya ninavyofanya mezani kwangu. Chukua betri ya volti 12, hata ya pikipiki, na balbu ya taa ya gari ya wati 55, na uweke fyuzi ya gari ya ampea 10 karibu na betri. Pasi iwe imechomolewa ukutani. Toa waya kwenye betri upite kwenye balbu, ufike pini ndefu ya plagi. Kutoka bati la chini la pasi rudi kwenye betri. Hapo unapitisha ampea 4 na nusu hivi ndani ya waya wa ethi, na kwa volti 12 huna cha kuogopa. Balbu iwake kama inavyowaka kwenye gari. Kisha weka mita kwenye volti za DC, upime kati ya pini yenyewe na bati lenyewe, usipimie kwenye klipu. Ukisoma volti 0.45, ukinzani wako ni omu 0.1. Ukisoma 2, usimpe mtu hiyo pasi.

Wakati balbu inawaka, kunja waya shingoni, uvute kidogo, uzungushe. Balbu ikikonyeza, umempata mwizi wako. Na klipu ibane mahali penye chuma tupu. Rangi na kutu vimewafanya mafundi wengi wafungue vifaa vizima bila sababu.

Ethi ikishapita ndipo ushike mega, kile kipimo cha kuona kama umeme unavuja kutoka kwenye nyaya. Unganisha laivu na nyutro (waya unaorudisha umeme) pamoja, swichi ya kifaa iwe imewashwa (hili husahaulika, halafu unapima waya peke yake), piga volti 500 kati yao na ethi. Upate megaomu 1, yaani omu milioni moja, au zaidi. Usianze na mega, kwa sababu kama ethi imekatika utapata namba nzuri ya bure: laivu inaweza kuwa imelalia bodi na mega isijue. Ekstensheni yenye kinga ya radi ipime kwa volti 250, la sivyo kile kikinga chake kitapitisha umeme na wewe utadhani waya umeoza.

Fundi, birika lililokaa stoo masika yote linasoma megaomu 0.2. Nitupe elementi?
*Msomaji, Kigoma mjini*

Usitupe bado. Ndani ya bomba la elementi kuna unga mweupe wa oksaidi ya magnesiamu unaotenganisha waya wa moto na bomba. Unga huo unavuta unyevu kama chumvi, na nyinyi mliokaa kando ya Ziwa Tanganyika unyevu mnaujua. Fungua elementi, ikaushe kwa joto la polepole saa kadhaa, iache ipoe, upime tena. Ikipanda kupita 1, ilikuwa maji tu. Ikibaki palepale, huenda bomba limepasuka, nunua nyingine.

Friji yangu ya dukani Isevya inanitekenya mkono. Fundi ameichukua, ameipima, anasema nzima. Nikiirudisha inatekenya tena. Ananidanganya?
*Mama wa duka, Tabora*

Mama, huenda hakudanganyi. Vifaa vingi vina vichujio vidogo vinavyovujisha umeme kidogo kwenda kwenye ethi, na hivyo ndivyo vilivyotengenezwa. Ethi ya nyumba ikiwa haipo, ule mvujo unakaa kwenye bodi na mkono wako unausikia. Testa ya bisibisi nayo itawaka, lakini testa huwaka hata kwa mvujo usiodhuru, kwa hiyo haikwambii kama ni huo au ni laivu kamili. Mpaka ijulikane, usiishike ukiwa peku.

Cha kukaguliwa sasa ni soketi, na fito ya ethi iliyopigwa ardhini nje. Mwezi wa tisa udongo wetu umekauka, na fito fupi kwenye mchanga mkavu haifanyi kazi. Mwite fundi umeme mwenye leseni aje na kipima ethi. Akija mtu akataka kujaribu kwa balbu kati ya laivu na ethi, mkatalie: kama fito ni mbovu, kila bodi ya chuma iliyoungwa na ethi hiyo, ya jirani kwenye jengo hilo pia, inapata umeme kwa muda huo. Mwingine atapendekeza kuunga ethi na nyutro ndani ya soketi, mtekenyo uishe. Utaisha kweli. Siku nyutro ikikatika, friji nzima ni volti 230.

Waya wa nyuzi mbili ni rahisi kuliko wa tatu. Mteja wa pasi hana hela. Nifunge tu?
*Fundi, Urambo*

Geuza kifaa utazame kibandiko. Ukiona mraba ndani ya mraba, kama kwenye blenda nyingi, hicho hakihitaji ethi. Nyuzi mbili zinatosha, na kwa mega upate megaomu 2 kati ya nyaya na chuma chochote cha nje. Usipouona, na bati ni la chuma, ni nyuzi tatu, ile ya kijani na njano iwe ndefu kuliko wenzake ndani ya plagi ili waya ukivutwa ikatike ya mwisho. Mteja akishindwa bei, mrudishie pasi yake na waya wake uliokatika.