Wadogo zangu intani, madaktari mlio mafunzoni, tuzungumze habari ya pumu

Juzi nimefungua faili la kijana wa pumu aliyeruhusiwa kutoka opidi, kliniki ya wagonjwa wa nje. Cheti kilisema: salbutamoli (dawa ya kufungua kifua) vidonge miligramu 4 mara tatu kwa siku, amoksilini, vitamini. Basi. Cheti hichohicho nilikiona kwa kundi la intani lililopita, na kundi la kabla yao. Famakolojia mmeisoma na mmeifaulu, najua. Ila ikifika saa 8 usiku, mgonjwa ameshika ukingo wa kitanda na mabega yanapanda na kushuka, mkono huandika kile ulichozoea kukiona kimeandikwa. Nawapenda, na wagonjwa wenu nawapenda pia, kwa hiyo leo mtanivumilia.

1. Vidonge vya salbutamoli viacheni. Mpulizo mmoja wa inhela ni mikrogramu 100, unaingia njia za hewa na kuanza kazi ndani ya dakika 5 hivi. Kidonge cha miligramu 4 ni mara 40 ya mpulizo huo, kinapita tumboni na kwenye ini, kinazunguka mwili mzima, na mapafu yanapata mgao wao kwa kuchelewa. Kinachobaki kinakwenda kwenye moyo na misuli ya mikono. Hapo ndipo linapoanza jambo la pili.

2. Mgonjwa akitetemeka mikono, uliza dawa anazotumia kabla hujawaza tezi ya shingo (thairoidi).

Hapa nitakaa. Mwenzetu mmoja, ambaye leo ni daktari ninayemwamini kwa ndugu zangu, ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Alikuwa intani, yuko opidi, foleni imefika nje ya mlango. Akaingia mama, fundi cherehani: mikono inatetemeka hata uzi hauingii kwenye sindano, moyo unakwenda mbio, usiku halali. Mapigo yalikuwa zaidi ya 120. Mwenzetu akamuuliza ana ugonjwa gani wa siku nyingi, mama akasema hana. Akaagiza kipimo cha tezi, na kwa huruma kabisa, ili mama apate nafuu akisubiri majibu, akaandika propranololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, miligramu 40 mara mbili kwa siku.

Usiku uleule tulimpokea dharura. Hawezi kumaliza sentensi, oksijeni ya damu chini ya asilimia 90, na ukiweka stetoskopu husikii hata miluzi. Kifua kilichobanwa kikinyamaza ndipo pa kuogopa zaidi, kwa kuwa hewa haipiti kabisa. Tukaweka oksijeni na nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) ya salbutamoli. Ikaisha, tukaweka ya pili. Hakuna kilichobadilika, na sisi sote tukatazamana.

Sista ndiye aliyekiona cheti, kimefungwa kwenye pindo la khanga ya mama pamoja na vidonge vyenyewe. Mwenzetu alikuwa ameitwa kutusaidia usiku ule, na akausoma mwandiko wake palepale.

Sasa ile famakolojia ya darasani. Propranololi haichagui: inakalia vipokezi (viti vya dawa kwenye seli) vya beta-1 vya moyo na vya beta-2 vya njia za hewa. Salbutamoli yetu ilifika ikakuta kiti cha daladala kimekaliwa na abiria asiye na nia ya kwenda popote, ila pia hashuki. Kwa kuwa ni ushindani, dozi kubwa za salbutamoli zinaweza kumshinda, lakini zinakula muda ambao mgonjwa hana. Tukaongeza ipratropiamu, dawa nyingine ya kufungua kifua, mikrogramu 500, kwa sababu yenyewe haigombanii kiti hicho. Inazuia asetilikolini, kemikali ya neva inayobana njia za hewa, kwenye vipokezi vya M3. Magnesiamu salfeti gramu 2 kwenye mshipa kwa dakika 20. Haidrokotisoni, steroidi ya sindano ya kupunguza uvimbe, ilikuwa imeshaingia. Miluzi ilipoanza kusikika tulishukuru, maana hewa ilikuwa imeanza kupita.

Asubuhi mwenzetu akaenda kukaa kitandani kwa yule mama, akamwomba radhi na kumweleza kila kitu. Ikaja kujulikana kuwa kifua kilimbana tangu utotoni, na kila wiki alinunua salbutamoli duka la dawa, akiongeza kidonge kila kilipobana. Mtetemeko na mapigo yale yalitokana na vidonge hivyo. "Hukuniuliza nakunywa nini, mwanangu," akamwambia, bila hasira. Tangu siku ile mwenzetu huuliza mambo matatu kabla ya kuandika kizuizi chochote cha beta, yaani dawa ya jamii ya propranololi: kifua kimewahi kukubana, unatumia nini kikikubana, na unatumia dawa ya macho? La tatu limo kwa sababu ya timololi, nayo ni kizuizi cha beta. Matone ya presha ya macho nayo hufyonzwa yakafika mapafuni.

Ulizeni. Foleni iwe ndefu namna gani, ulizeni.

3. Inhela ya steroidi ndiyo tiba yenyewe. Salbutamoli inalegeza misuli laini kwa saa 4 hadi 6, halafu mgonjwa anarudi palepale, kwa kuwa uvimbe ndani ya njia za hewa haukuguswa. Beklometasoni, steroidi mojawapo ya kuvuta, imekuwapo tangu 1972, na tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hautaki mtu mzima wala kijana wa miaka 12 na zaidi atibiwe pumu kwa salbutamoli peke yake. Nasi mwaka huu bado tunaandika salbutamoli peke yake! Shida ni kwamba steroidi haifungui kifua leo. Inaingia kwenye seli, inabadilisha jeni zipi zisomwe, na matunda yake huja kwa siku na wiki. Mgonjwa asipoambiwa hivyo, ataiweka kabatini siku ya tatu na kusema haifanyi kazi, na hatakuwa na kosa. Mkipata budesonidi (steroidi) na formoteroli (ya kufungua kifua) katika inhela moja, afadhali zaidi: formoteroli inawahi kama salbutamoli na inadumu saa 12, hivyo mgonjwa anayeivuta akibanwa anapata na steroidi yake humohumo. Salmeteroli, ndugu ya formoteroli, msiifanyie hivyo, inachelewa. Na asukutue mdomo akimaliza, fangasi wa ulimi wanakera.

4. Mwambie mgonjwa avute mbele yako. Babu mmoja wa kliniki yetu alikuwa akijipulizia inhela kifuani, juu ya shati, asubuhi na jioni, kwa uaminifu mkubwa, mpaka mjukuu wake akamwambia, "Babu, hiyo si manukato." Tulicheka pamoja naye, kisha tukamtengenezea spesa, chombo cha kuvutia dawa kinachounganishwa na inhela, kwa chupa ya maji ya nusu lita. Msiidharau chupa hiyo. Heather Zar, daktari wa watoto, na wenzake wa Cape Town waliipima kwa watoto wenye pumu, wakachapisha matokeo mwaka 1999: ikitobolewa kitako vizuri na kuzibwa ili inhela ikae bila kuvuja, inafanya kazi sawa na spesa ya dukani. Ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa unaipa chaji ya umeme, dawa inanata ukutani. Umeme ukikatika na nebulaiza ikalala, mipulizo 4 hadi 10 kwa spesa kila dakika 20 katika saa ya kwanza itamvusha mgonjwa wako.

5. Aminofilini, dawa ya kufungua kifua ya jamii ya theofilini: kabla ya kuisukuma kwenye mshipa, jua kama ametoka nyumbani na vidonge vya theofilini, na kama anatumia antibayotiki za siprofloksasini au erithromaisini, kwa sababu zinaipandisha kwenye damu hadi kwenye degedege na moyo kupoteza mpangilio. GINA haiitaki kwenye shambulio la pumu hata kidogo. Mimi pia siitaki.

6. Prednisoloni, steroidi ya kumeza, inafaa sawa na steroidi ya sindano kama mgonjwa anameza na hatapiki: miligramu 40 hadi 50 kwa siku, siku 5 hadi 7 kwa mtu mzima. Mpe mapema, huchukua si chini ya saa 4 kuonyesha kazi. Ukirudia nebulaiza mara nyingi, pima potasiamu; salbutamoli inaiingiza kwenye seli, ikashuka kwenye damu, na steroidi inaongeza kushuka huko.

7. Siku ya kumruhusu, inhela ya steroidi iwe mkononi mwake kabla hajatoka getini. Famasi wakisema imeisha, nipigieni simu, hata kama siko zamu.