Maswali yenu: maikrowevu za zamani, chokoleti na urithi wa bibi

Barua za maikrowevu zimejaa tena mezani, na nusu yake zinauliza jambo moja. Tuanze nalo, tumalizane nalo.

Ni kweli maikrowevu ilivumbuliwa kwa bahati, jamaa fulani alipokuta chokoleti imeyeyuka mfukoni?

Kuyeyuka iliyeyuka. Bahati ndiyo siioni. Jamaa huyo, Percy Spencer, alikuwa mhandisi wa kampuni ya Raytheon kule Massachusetts, na kufikia mwaka 1945 wachache duniani walikuwa wakiijua magnetroni kumshinda. Magnetroni ndicho kifaa kinachozalisha mawimbi ya rada. Ile yenye nguvu iliundwa na John Randall na Harry Boot katika Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1940, na mwaka huohuo Waingereza wakaivusha bahari kuwapelekea Wamarekani. Tatizo likawa kuitengeneza kwa wingi. Spencer ndiye aliyelitatua: kiwanda kilichokuwa kikitoa magnetroni 17 kwa siku kikafika 2,600.

Waliofanya kazi karibu na mashine hizo walishahisi joto lake kabla ya Spencer, wakashangaa kidogo, wakarudi kazini. Yeye aliagiza mahindi ya bisi. Bisi zikaruka. Likafuata yai, ambalo husimuliwa kwamba lilimlipukia mwenzake usoni. Tarehe 8 Oktoba 1945 ombi la hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, lilikuwa limeshawasilishwa, na hataza yenyewe ikatoka Januari 1950. Huyu ni mtu ambaye hata shule ya msingi hakuimaliza. Umeme alijifundisha mwenyewe. Halafu sifa yake mnaipa chokoleti!

Kwa uvumbuzi huo kampuni ilimpa takrima ya dola 2, kiwango kilekile kwa kila mfanyakazi aliyeleta hataza. Hilo hakuna msomaji aliyewahi kuniuliza.

Je, ni Wanazi walioivumbua kwa siri?

Hapana.

Kuna anayedai watu walipika kwa mawimbi ya redio tangu mwaka 1933. Ni uongo?

Ni kweli, ila haikuwa maikrowevu. Katika maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka huo, kampuni ya Westinghouse waliweka nyama na viazi kati ya vibamba viwili vya chuma vilivyounganishwa na mtambo wa redio wa kilowati 10. Chakula kiliiva. Lakini masafa, yaani kasi ya mtetemo wa mawimbi, yalikuwa megahezi 60 tu, ilhali maikrowevu ya jikoni hutumia 2,450. Ni ndugu wa mbali.

Maikrowevu ya kwanza ilikuwa kubwa kiasi gani?

Kama kabati la nguo. Radarange, maikrowevu ya Raytheon ya mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha karibu mita 1.8 na uzito wa kilo 340, bei yake ikikaribia dola 5,000. Ilipozwa kwa maji, kwa hiyo kabla ya kupasha chochote ulimhitaji fundi bomba. Mwaka 1955 kampuni ya Tappan walileta ya nyumbani kwa dola 1,295, na wanunuzi wakaitazama kwa mbali. Iliyoingia majumbani kweli ni ya kampuni ya Amana ya mwaka 1967: ya kuweka juu ya meza, dola 495. Wanaoniandikia kwamba “zamani vitu vilikuwa rahisi” wazisome tena bei hizo, wakikumbuka thamani ya dola ya wakati ule.

Nimerithi maikrowevu ya bibi, ya miaka ya 1970, na bado inawaka. Nimeweka simu ndani nikaipigia, ikaita. Ina maana inavuja?

Jaribio la simu tena! Simu imeundwa kunasa ishara hafifu mno, na hakuna maikrowevu iliyotengenezwa kuzuia kila chembe ya ishara. Hata mpya kabisa simu yaweza kuita ndani yake. Ikiita hujathibitisha kitu, na isipoita ndiyo kabisa usijidanganye.

La maana ni mlango. Tazama bawaba, lachi, ukingo wa mlango na ule wavu wa chuma kwenye kioo. Mlango ukicheza, ukiwa umepinda au umeliwa na kutu, usiiwashe. Ukiwa mzima, mpelekee fundi mwenye kipimo halisi. Marekani iliweka kanuni mwaka 1971: kwa umri wote wa mashine, mvujo usizidi miliwati 5 kwa sentimita mraba, ukipimwa sentimita 5 kutoka kwenye mashine. Usiiwashe tupu pia, maana mawimbi yakikosa chakula cha kuyameza huirudia magnetroni na kuiunguza.

Na hukuniuliza, lakini nawajua warithi: usifungue kasha. Ndani mna transfoma ya volti zaidi ya 2,000, na kapasita inayoweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa waya ukutani. Mshtuko wake unaua. Magnetroni nayo usiivunje kutafuta sumaku, kwa sababu baadhi zina kauri ya beriliamu oksaidi, na vumbi lake ni sumu kwenye mapafu. Kama ni kumbukumbu unayoitaka, iweke sebuleni bila waya. Itapendeza vilevile.

Si masafa yale ya megahezi 2,450 yalichaguliwa kwa sababu ndiyo yanayotikisa maji hasa?

Sivyo. Maji hunyonya mawimbi kwa nguvu zaidi kwenye masafa ya juu sana kuliko hayo. Megahezi 2,450 zilitengwa ili mashine zisivuruge mawasiliano, na zina faida yake: mawimbi hupenya kidogo ndani ya chakula. Yangenyonywa yote juujuu, ungeunguza ngozi ya kiazi na kiini kibaki kibichi.

Mbona ya kwetu ya zamani haina sahani inayozunguka?

Ina feni ya chuma iliyofichwa darini, kazi yake kuyatawanya mawimbi. Sharp walileta sahani ya kuzunguka mwaka 1966, wengine wakafuata taratibu.

Ninaikumbuka sana ile “ting!” ya zamani. Kwa nini za sasa zinapiga “biip”?

Saa ya zamani ilikuwa ya springi, na ilipofika sifuri kinyundo kiligonga kengele ya chuma, mara moja tu. Vitufe vya elektroniki vilipoingia katikati ya miaka ya 1970, kengele ikapoteza kazi. Hapo nakubaliana nawe kabisa. Yangu hupiga biip tano, na nisipoifungua huanza upya.