Nyumba ya binti, fungu la mjukuu

SWALI: Assalaam aleikum, mwanangu wakili. Nina miaka 74, nakaa Ngamiani hapa Tanga. Nina mke, watoto wa kiume watatu na binti mmoja ambaye ndiye anayetuuguza mimi na mama yake. Mwanangu mwingine alitangulia mbele ya haki, akaniachia mjukuu wa miaka tisa. Nimeandika wasia kwamba nikifa, nyumba hii ninayokaa, yenye hati, iwe ya binti. Kaka zake walikubali mbele yangu siku ya Idi. Shamba la minazi la Pangani watagawana wote, na mjukuu atachukua fungu la baba yake. Je, wasia huu utasimama?

JIBU: Waaleikum salaam mzee wangu, shikamoo. Kwa ulivyouandika, hautasimama, na nashukuru umeuliza ungali hai.

Kwa mtu aliyeishi Kiislamu kama wewe, mahakama itagawa mirathi yako kwa sheria ya Kiislamu, na katika sheria hiyo mrithi hausiwi. Binti yako ni mrithi. Karatasi yako haimwongezei kitu juu ya fungu lake, ila warithi wenzake waridhie. Na ridhaa inayohesabika kwa madhehebu yetu ya Shafi ni ile wanayoitoa baada ya wewe kufa. Maneno ya siku ya Idi, baba umeketi mbele yao na pilau iko kwenye sinia, hayamfungi mtu.

Mambo yakiachwa hivi, yatakwenda hivi: yatatolewa mazishi na madeni kwanza (kama mahari ya mkeo hujamaliza kulipa, hilo nalo ni deni, liandike). Kinachobaki ni mafungu 8: mkeo 1, binti 1, kila mwana wa kiume 2. Mjukuu hapati chochote. Hachukui nafasi ya baba yake, kwa sababu ami zake wapo hai na wanamzuia. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika barua yako. Nimeona yatima wakitolewa kwenye shamba la babu yao, na kila mtu akiapa kwamba mzee hakutaka hivyo. Kweli hakutaka, lakini hakuandika.

Kwa hiyo, mzee wangu, geuza. Nyumba mpe binti kwa hiba, na mjukuu ndiye umwandikie wasia.

Hiba ni zawadi ya leo. Nilipata kushika shauri la dada mmoja wa Muheza aliyekuja na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, juu imeandikwa HIBA kwa herufi kubwa. Chini yake baba ameandika: “Nyumba nimempa, ataichukua nikishafariki.” Neno hilo la mwisho liliigeuza hiba ikawa wasia kwa mrithi, na yule dada akaambulia fungu lake tu. Yako isiwe na “nikifa” popote. Useme umempa, yeye aseme amepokea, kisha umkabidhi kweli. Kukabidhi ndiko kunakoangusha hiba nyingi, hasa mtoaji akiendelea kukaa humo humo kama mwanzo. Kama una wapangaji vyumba vya mbele, kodi wamlipe yeye kuanzia mwezi huu, aandike kwenye daftari. Hati ihamishwe jina kwa Msajili wa Hati, baada ya kulipa ushuru wa stempu na kodi nyingine itakayotakiwa. Wewe na mama mtakaa kwa idhini yake, na idhini hiyo iandikwe. Namna ya makabidhiano mwite sheikh wenu ayashuhudie, maana masheikh wa Kishafi ni wakali hapo, wengine hutaka hata vyombo vyako vitoke kwanza.

Fanya ungali na nguvu. Hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti huhukumiwa kama wasia, tukarudi pale pale.

Kaka zake waambie wewe mwenyewe, kabla hawajasikia mtaani. Mtume (s.a.w.) ametuamuru uadilifu kati ya watoto, na wana haki ya kukuuliza. Miaka ya kuuguza wazazi kwangu ni sababu nzito, nami ningeitamka wazi mbele yao.

Mjukuu, kwa kuwa si mrithi, unaweza kumuusia hadi theluthi ya kitakachobaki baada ya madeni. Nyumba ikishatoka, hiyo ni kama theluthi ya shamba. Taja atakayemshikia mpaka afike miaka 18, taja msimamizi wa mirathi unayemwamini, utie saini mbele ya mashahidi wawili wasionufaika na wasia huo, na useme kwamba unafuta ule wa zamani. Unaweza kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, usipotee kabatini.

Limebaki la mama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu uitoe nyumba ya ndoa, hata kwa zawadi, bila ridhaa yake. Njoo ofisini na hati na cheti cha ndoa, uje naye. Kama kutembea kunamtaabisha, nitawafuata Ngamiani, kwa sababu saini yake ndiyo ya kwanza nitakayoihitaji.