Usigawe Sawa: Kujenga Kikosi cha Gemu za Mashimoni

Vijana wanaokuja kwangu jioni na laptopu zao huwa na malalamiko ya aina moja: "Wangu ana nguvu 18, mbona anapigwa tu?" Wanazungumzia zile gemu za zamani za kushuka mashimoni na kikosi cha wahusika, kuua mizuka, kuokota panga na kupanda leveli. Hapa Lamu bado zina wapenzi, na sababu yenyewe haina mapenzi ndani yake: ni ndogo. Gemu ya mwaka 1991 huingia kwenye flashi na nafasi ikabaki tele, haiombi intaneti, na laptopu ya mtumba inaiendesha bila kuchemka.

Nikitazama kikosi cha mlalamikaji, mara nyingi nakuta kitu kile kile. Amegawa sawa. Kila mhusika ana nguvu kidogo, akili kidogo, deraya ya wastani na upanga wa wastani. Gemu hizi hazilipi usawa, na anayetaka kujua kwa nini itabidi avumilie hesabu ya dadu.

Pool of Radiance ya 1988, Eye of the Beholder ya 1991, Baldur's Gate ya 1998 na Icewind Dale ya 2000 zote zimesimama juu ya kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mwaka 1974, hasa lile toleo lake lililoitwa Advanced. Humo kila pigo huamuliwa na dadu ya pande 20. Anayepiga ana namba ya kulenga iitwayo THAC0, anayepigwa ana namba ya kinga iitwayo AC. Wengi hupotea hapo, kwa sababu AC nzuri ni ile ndogo: mtu asiye na deraya yoyote ana 10, aliyejikinga sana anafika 0, na anayeshuka chini ya sifuri ndiye wa kuogopwa. Chukua THAC0 ya anayepiga, toa AC ya anayepigwa, na jibu unalopata ndilo dadu inapaswa kulifikia au kulipita ili pigo liingie.

Sasa mlete orki, zimwi la kawaida la gemu hizi, THAC0 yake 19. Akimshambulia mtu mwenye AC 6 anahitaji 13 au zaidi, yaani nyuso 8 kati ya 20, asilimia 40. Mboreshe mtu huyo kwa pointi moja awe na AC 5, na orki anabaki na nyuso 7. Umemwondolea pigo moja katika manane. Si haba, lakini si kitu cha kupigia kelele. Mchukue sasa mwenye AC 0: orki anahitaji 19, nyuso 2 tu. Mpe huyu pointi ile ile moja awe -1, na orki amebakiwa na uso mmoja, ile 20 yenyewe. Mapigo yamekatika nusu.

Pointi ni moja, bei ni moja dukani, lakini kwa aliyevaa vizuri tayari imefanya kazi kubwa mno. Kwa hiyo ngao nzuri, buti nzuri na deraya nzuri zote nampa mtu mmoja wa mbele, na wengine nawaacha na walichonacho. Wanaonitazama huona kama namdekeza. Wasiojali hesabu huita ubaguzi! Kuna mahali pa kusimama, hata hivyo. Ile 20 huingia daima, hivyo dhidi ya orki yule kushuka chini ya -1 hakuongezi chochote. Utaona faida tena utakapokutana na majitu yenye THAC0 ya 18 au ndogo zaidi, maana hapa pia ndogo ndiyo bora. Na katika Baldur's Gate pete ya ulinzi haikubali kuvaliwa pamoja na deraya yenye sihiri. Hapo pete anapata mchawi, si kwa huruma bali kwa kukosa mwingine wa kumpa.

Zile namba za mwanzo, nguvu, wepesi, stahamala na nyinginezo, zinafuata mtindo huo huo. Hazipandi kwa mwendo mmoja. Ziko kimya kwa muda mrefu, halafu mwishoni zinaruka. Wepesi wa 10 na wa 14 ni kitu kimoja kwa deraya. Wepesi wa 18 unakupa pointi 4 za AC bila kununua kitu. Nguvu nazo: 18 tupu inaongeza 1 kwenye kulenga na 2 kwenye maumivu, lakini mpiganaji mwenye 18 hupewa na asilimia juu yake, na akiipata 18/00 anaongeza 3 na 6. Mchawi hapewi hiyo, kwa hiyo kumpa nguvu 18 ni kumwaga maji baharini. Stahamala ya mchawi isipite 16, kwani zaidi ya hapo haimwongezei uhai. Mpiganaji ndiye anayeendelea kupata kwa 17 na 18. Haiba awe nayo mmoja, yule anayeongea na wenye maduka.

Kijana wa dada yangu alibisha. "Lakini mjomba, huyu wako wa mbele ni mmoja. Maadui wako kumi. Watamzunguka tu."

Ana haki, na hapo ndipo nusu ya pili ya mambo ilipo. Kumjenga mtu mmoja kunalipa pale tu unapomchagulia mahali pa kusimama. Anayepita vichochoro vya Mkomani anaelewa: punda mmoja mwenye mizigo ya mchanga akigoma njiani, foleni nzima nyuma yake imegoma. Mpiganaji wangu anasimama mlangoni. Kati ya wale kumi, anayemfikia ni mmoja au wawili, na hao wanahitaji ile 20. Ukitoka nje hadi uwanja wa wazi ukawangoja hapo, hesabu yote niliyoandika juu inaanguka, maana watampita na kwenda kumla mchawi.

Gemu nyingine zimekupangia mstari zenyewe. Wizardry ya 1981 ina watu sita, na wa kupiga kwa mkono ni watatu wa mbele tu. Dungeon Master ya 1987 ina wanne, wawili mbele na wawili nyuma. Humo swali la nani avae nini limejibiwa nusu. Katika Baldur's Gate mstari ni wako kuupanga, na kikosi kikitembea kikichanganyika, mchawi hujikuta mbele kwa sababu ambazo hata Mungu akiulizwa… basi, tuyaache. Simamisha gemu kwa kibonye cha nafasi, panga watu, ndipo ufungue mlango.

Walio nyuma ya mlango wawe na pinde. Upinde katika kanuni hizi hutoa mishale miwili kwa raundi, wakati mpiganaji wa leveli ya kwanza hupiga kwa upanga mara moja. Na wasimpige aliye karibu. Wampige mchawi wa upande wa pili. Katika Baldur's Gate akiguswa hata na mshale dhaifu akiwa katikati ya maneno yake, sihiri inapotea. Mshale wa maumivu 2 umezuia kitu ambacho kingeua wawili kati yenu.

Kuhusu mchawi wako mwenyewe, ambaye mwanzoni uhai wake hutokana na dadu ya pande 4 na paka anaweza kumtisha: usimtafutie moto. Mtafutie Usingizi. Sihiri ya leveli ya kwanza, na katika leveli za mwanzo hakuna inayoikaribia. Katika Pool of Radiance kundi zima la kobolidi, vizimwi vidogo, huanguka kwa maneno machache, na aliyelala huuawa kwa pigo moja, awe na uhai kiasi gani. Wizardry nayo ina ya kwake, KATINO, kazi ile ile. Adui aliyelala hapigi, na raundi asiyopiga ni sawa na deraya ambayo hukuinunua. Faida hiyo ina msimu wake. Wakubwa hawalali, na wafu wanaotembea hawalali kabisa. (Shangazi alinisikia dirishani nikisema "mchawi wangu amekufa tena". Nilieleza. Hakuridhika.)

Kwa viunzi vya mifupa, beba rungu. Kanuni za toleo la pili la Advanced zinapunguza nusu ya maumivu ya silaha zenye makali dhidi yao. Upanga wako mzuri uweke kwapani.

Gemu za kwenda kwa saa halisi, kama Dungeon Master na Eye of the Beholder, zina dawa nyingine: miguu. Piga, sogea pembeni mraba mmoja, adui ageuke na kukufuata, piga tena kabla hajapiga. Unazunguka naye katika miraba minne. Wengine huita udanganyifu. Mimi nasema gemu imeniruhusu. Dungeon Master ina jambo la ziada, kwamba ujuzi hukua kwa matendo: anayerusha vitu ndiye anayekuwa mrushaji. Basi mrushaji awe yule yule kila siku.

Diablo II ya mwaka 2000 haina THAC0, lakini hesabu ile ile imejificha kwenye kinga. Kikomo cha kawaida ni asilimia 75. Kutoka 0 hadi 25 unapunguza robo ya maumivu ya moto. Kutoka 50 hadi 75 unapunguza nusu ya yale yaliyobaki. Jaza kinga hadi kikomo kabla ya kuongeza chochote kingine, na ukumbuke kwamba katika nyongeza yake, Lord of Destruction, ugumu wa mwisho uitwao Hell hukupunguzia kinga 100 nzima. Pointi 5 za kila leveli: nguvu ya kutosha kuvaa vifaa vyako, wepesi wa kutosha kushika silaha na kukinga kwa ngao, zilizobaki zote kwenye uhai. Toleo la 1.13 la mwaka 2010 lilileta njia ya kuzirudisha pointi na kugawa upya, kwa hiyo usizikumbatie pointi ukiogopa kuzitumia.

Gemu ikiruhusu, hifadhi mchezo katika nafasi mbili tofauti, moja kabla ya kila mlango mkubwa. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili lile linaweza kuharibika, na laptopu za mtumba hazina betri za kusubiri jenereta. Anayeanza leo aanze na Eye of the Beholder kama mashine yake ni dhaifu. Kama inamudu, Baldur's Gate, na mtu wake wa kwanza awe mpiganaji mwenye wepesi 18.