Kutoka mwiko hadi bango la kontrakta hapa Lamu: jibu kwa mwashi wa Langoni

Waalaykum salaam ndugu yangu. Swali lako kwa ufupi: wewe ni mwashi wa mtaa wa Langoni, una gredi ya pili ya mtihani wa ufundi, umejenga miaka saba, na unataka kujua wale makontrakta wakubwa wenye mabango kwenye miradi walipitia wapi. Wengi waliokujibu wamekwambia "pata NCA kwanza", yaani usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. NCA ndiyo sehemu nyepesi. Kinachowaangusha mafundi wetu wakishageuka makontrakta kisiwani ni kuvusha vifaa, halafu pesa za kuishi kati ya malipo na malipo. Ukuta hauwaangushi, ukuta wanaujua.

Ngazi unazijua: mtu wa mkono, fundi, foremeni, kontrakta wa leba, kisha kontrakta kamili. Inayorukwa ni ya foremeni, na ndiyo shule yenyewe. Kaa chini ya kontrakta mwingine japo miaka miwili ukiwa foremeni wa kweli, si fundi anayepiga kelele zaidi ya wenzake. Foremeni ana daftari. Kila jioni anaandika watu wangapi walifika, mifuko mingapi ya simiti iliingia, mingapi imetumika na kwa kazi gani, mvua ilinyesha saa ngapi, na nani ametoa amri ya kubadilisha nini. Mwenye nyumba akisema "hapa niongezee dirisha", foremeni anaandika, anataja bei, anapata sahihi, ndipo ukuta unatobolewa. Asiyefanya hivyo hujenga dirisha la bure, na kabla kazi kwisha yatakuwa matano. Hapo ndipo pia unapojifunza kusoma ramani na BQ, ile orodha ya vipimo na bei. Fundi asiyeweza kuisoma BQ atabaki kuajiriwa hata akijenga kona iliyonyooka kama wembe.

Sasa kuvusha. Chukua slabu ndogo kabisa, chumba cha mita 4 kwa 5, unene sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 3. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (simiti, mchanga, kokoto) unahitaji kama mifuko 8 ya simiti kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mifuko 24, mchanga mita 1.3, kokoto mita 2.5. Bara hiyo ni lori moja dogo na umemaliza. Hapa lori linaishia ng'ambo, kwa hiyo ipigie hesabu ya punda. Mchanga mita 1.3 ni kama tani 2, kokoto ni kama tani 3.75. Punda akibeba kilo 70, na usimzidishie, mchanga ni safari 30 na kokoto safari 54. Simiti mfuko mmoja mmoja ni safari 24. Jumla safari 108, hujahesabu maji ya kuchanganyia, ambayo ni lita 600 hivi, mitungi 30 ya lita 20. Hujagusa chuma wala mbao za fomu, zile za kushikilia zege likiwa bichi. Na kabla ya punda kuna lori mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, kuna mashua, kuna wapagazi wa kushusha. Mashua ikifika maji yametoka inakaa kwenye tope, wapagazi wanatembea mara mbili ya njia, na bei inapanda hapo hapo. Basi ratiba ya kushusha mzigo hupangwa kwa maji kujaa na kupwa, si kwa saa ya ofisini.

Kosa la bei linaanzia hapo. Mtu anachukua bei ya kokoto ya Malindi au Mombasa, anaongeza kidogo "ya usafiri", anaweka kwenye tenda. Fanya hivi badala yake: kila kifaa kiwe na mistari minne katika hesabu yako, yaani bei ya kununua, lori, mashua na kushusha, punda mpaka mlangoni. Ongeza na kinachovunjika njiani. Kwa matofali ya simiti ya inchi 16 kwa 8, ukuta wa mita mraba 1 unakula matofali 12 na nusu. Bara watu huongeza asilimia 5 ya kuvunjika. Hapa, yanayopakiwa na kupakuliwa mara tatu, mimi naona asilimia 10 ndiyo salama. Simiti nayo usivushe yote kwa mkupuo ili "kuokoa nauli". Hewa ya bahari inaingia mfukoni. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, ifunike kwa turubai, isizidi mifuko 10 kwenda juu, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, huo hauingii kwenye slabu.

Jambo la pili linalovunja jina la kontrakta hapa ni chumvi. Haionekani siku ya kukabidhi nyumba. Inaonekana miaka mitano baadaye, slabu inapopasuka kwa mstari ulionyooka chini ya chuma na vipande vya zege kuanza kudondoka kitandani. Sababu ni mchanga wa ufukweni, maji ya kisima yenye chumvi, na chuma kilichokaa karibu mno na uso wa zege. Chuma kikishika kutu kinavimba, na zege halina pa kwenda ila kupasuka. Dawa iko wakati wa kumwaga tu: mchanga usio wa bahari, maji ya kunywa au ya mvua, na biskuti za zege, vile vipande vya kuinua chuma, chini ya chuma. Nyumba inayotazama bahari weka biskuti za milimita 50, si kipande cha jiwe ulichookota. Na tafadhali usiguse mchanga wa vilima vya Shela. Ile ndiyo hazina ya maji matamu ya mji mzima, na kontrakta anayejulikana kuuchota amejifungia milango mwenyewe.

Kipimo cha mchanganyiko kisiwe chepe. Chepe la asubuhi si chepe la saa tisa mchana. Tengeneza sanduku la mbao la sentimita 30 kwa 30, kina 39. Hilo ni sawa na mfuko mmoja wa simiti. Mfuko 1, sanduku moja na nusu la mchanga, masanduku 3 ya kokoto. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Mafundi wataomba maji zaidi ili zege liteleze, kwa sababu ni rahisi kulisukuma. Hapo foremeni anakuwa mkaidi. Mwagilia siku 7 bila kuruka, na mihimili ya chini inayoshikilia fomu usiing'oe kabla ya siku 14. Nafasi ikiwa pana, ngoja 21.

Ukitaka kazi za mji wa kale, na nakushauri uzitake kwa kuwa makontrakta wa kutoka nje hawaziwezi, jua kwamba hapo ni taaluma nyingine. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Mbali na kibali cha kaunti unapita pia kwa ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapa Lamu kabla ya kubadilisha chochote, hasa madirisha, milango, urefu na uso wa nyumba. Weka muda wa vibali ndani ya ratiba yako, usimwahidi mwenye nyumba mwezi mmoja.

Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita hivi. Zinavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia lipu ya chokaa. Fundi wa leo anakuja na simiti, anapiga lipu moja kwa tatu, uso unang'aa, anapigwa picha. Unyevu hauna pa kutokea tena. Chumvi inakauka nyuma ya lipu, inafanya fuwele, inaisukuma, na baada ya misimu michache ya mvua inatoka bamba zima kama ganda la yai. Ikianguka inang'oa na jiwe. Ukikuta ukuta wa namna hiyo, bandua simiti yote, acha ukuta upumue mpaka ukauke, sugua chumvi kwa brashi ikiwa kavu bila kuiosha kwa maji, kisha piga chokaa iliyozimwa na kukaa majini wiki kadhaa, sehemu 1 kwa mchanga 3, tabaka jembamba baada ya jembamba. Kila tabaka linyunyiziwe na kufunikwa kwa magunia mabichi, maana chokaa ikikaushwa na jua kwa haraka inakuwa unga.

Dari la boriti nalo. Vyumba vya kale vina upana wa mita 2.5 mpaka 3 kwa sababu huo ndio urefu ambao mti wa mkoko unabeba bila kupinda. Mteja akitaka kuondoa ukuta wa kati "apate sebule kubwa", jibu ni hapana, au ni chuma na mhandisi. Boriti huoza kwenye ncha, ile sehemu iliyozama ukutani, huku katikati ikionekana nzima kabisa. Zigonge zote kwa nyundo karibu na ukuta. Sauti butu ni ugonjwa. Unapobadilisha, weka mihimili ya kushikilia dari kwanza, toa moja baada ya moja, na ncha mpya uijengee kwa chokaa, si simiti. Agiza kwa lugha ya wauzaji: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja ina unene wake, na huuzwa kwa korija, yaani miti 20. Ukisema "miti mikubwa" utapewa ya kila aina. Na upate risiti yenye kibali cha misitu, kwa sababu siku ya ukaguzi mwenye mti usio na karatasi ni wewe.

Kazi ya leba, mwenye nyumba akinunua vifaa, ni daraja nzuri lakini ina mtego wake. Akileta mchanga wa chumvi ukautumia, nyumba ikipasuka jina ni lako. Ukatae kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha.

Karatasi sasa. Sajili kampuni kupitia eCitizen, chukua PIN ya KRA na cheti cha kulipa ushuru, kibali cha biashara cha kaunti, kisha NCA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011. Madaraja yanaanza NCA8 kwenda juu mpaka NCA1, ambayo haina kikomo cha thamani ya kazi. Lazima kampuni iwe na mtu mwenye ujuzi wa ufundi uliothibitishwa kwa vyeti, kwa hiyo gredi ya kwanza ifanye mwaka huu. Leseni inahuishwa kila mwaka. Ukiwa chini ya miaka 35 chukua na cheti cha AGPO, kwa sababu asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Na bima ya WIBA ya wafanyakazi usiiache. Mtu mmoja akianguka jukwaani bila bima anaondoka na kampuni yako.

Pesa. Tuseme umepata kazi ya milioni 6, unadai milioni 1.5 kwa mwezi wa kwanza. Wanakata asilimia 10 ya kushikilia kama dhamana ya kasoro, 150,000, na ushuru wa asilimia 3, 45,000. Mkononi ni 1,305,000, na hiyo ni siku watakapolipa. Mishahara ni kila Jumamosi. Kwa kazi za serikali usisaini kitu kama huwezi kubeba vifaa na mishahara ya miezi mitatu bila kulipwa. Wanaokufa kibiashara ni wale wanaolipia kazi ya pili kwa malipo ya awali ya kazi ya kwanza. Akaunti tofauti kwa kila kazi, hata kama benki zinakuchekea.

Wale wakubwa unaowaona hawakuruka. Walifanya NCA8 na 7 kwa miaka, wakaweka picha, vyeti vya kumaliza kazi na barua za wateja kwenye faili moja, kwa sababu tenda kubwa inauliza kazi zilizokwisha, haiulizi ulivyo hodari. Bandari yetu mpya ya Lamu, ile ya mradi wa LAPSSET, gati la kwanza lilifunguliwa 2021, na kampuni kubwa zikija zinatafuta watu wa kazi ndogo ndani ya kazi kubwa: kuta za uzio, mitaro, nyumba za walinzi. Wanachotaka kwanza ni karatasi za usalama, helmeti, daftari la mafunzo ya wafanyakazi. Fundi mwenye hayo Lamu nzima unamhesabu kwa vidole.

Mwisho, ile asilimia 10 ya kushikilia. Kwa kawaida nusu yake unalipwa ukikabidhi kazi, na nusu nyingine baada ya muda wa kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 6. Hakuna atakayekupigia simu kukupa. Andika tarehe hiyo kwenye daftari siku ya kukabidhi, rudi wiki mbili kabla na fundi na ngazi, ziba nyufa, badilisha vitasa, mpe mwenye kazi orodha asaini, halafu peleka barua ya kudai siku yenyewe.