Mtoto akitimiza miaka saba haendi kwa baba moja kwa moja

Huku Dodoma, kuanzia Kizota hadi vijiji vya Bahi na Chamwino, kuna kauli inayorudiwa kama sheria: mtoto akifika miaka saba anachukuliwa na baba. Kina baba wanahesabu miezi, kina mama wanamficha mtoto kwa bibi, na anayeumia ni mtoto, kwa jambo ambalo sheria haikulisema.

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hivi: kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, mahakama inaanza na dhana kwamba ni heri akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kifungu hicho hicho kinamtaka hakimu azingatie madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Miaka saba ikipita, kinachoondoka ni dhana, si mtoto.

Kinachotangulia ni ustawi wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja pia umuhimu wa kuwa na mama, umri na jinsia, maoni ya mtoto akiyatoa kwa uhuru, ndugu kutotenganishwa, na mwendelezo wa malezi. Hili la mwisho ndilo wazazi wengi hulisahau. Hakimu anataka kujua nani amekuwa akimwamsha, akimpeleka kliniki, akihudhuria vikao vya shule. Kwa hiyo njoo na kadi ya kliniki, risiti za sare, mwalimu wa darasa au jirani anayeijua nyumba yako. Mshahara mkubwa peke yake haukupi mtoto, maana mwenye kipato anaweza kuamriwa atoe matunzo huku mtoto akibaki kwa mwenzake.

Na ng'ombe wa mahari? Mila za jamii zimo katika mambo ambayo hakimu anayaangalia, lakini ziko chini ya ustawi wa mtoto. Mzee wa ukoo akisema "ng'ombe walilipwa, watoto ni wetu", atasikilizwa, kisha ataulizwa mtoto analala wapi na anasoma wapi.

Maswali hayo huyafuatilia Afisa Ustawi wa Jamii. Mahakama huomba ushauri wa mtaalamu wa watoto inapowezekana, ingawa hailazimiki kuufuata. Afisa akija nyumbani anaangalia kitanda, chandarua, madaftari, nani anabaki na mtoto mzazi akiwa kazini. Godoro lililonunuliwa jana, bado limo kwenye nailoni, linamwambia mengi kuliko maelezo yako. Usimfundishe mtoto cha kusema pia. Mwanafunzi wa darasa la pili anayesema "baba hana uwezo wa kunitunza kisheria" ameazima maneno ya mtu mzima, na aliyeyaazimisha anajulikana papo hapo.

Kama unadai talaka, kwa kawaida pitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa upate Fomu Namba 3, yaani hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana, kisha suala la watoto liombwe katika shauri hilo hilo. Kama hamkuoana, omba chini ya Sheria ya Mtoto. Hata ndugu anayemlea mtoto anaweza kuomba. Makubaliano yaliyoandikwa kwa mtendaji wa mtaa yanafaa kama ushahidi, lakini hayana nguvu ya amri ya mahakama.

Sasa siku za kumwona mtoto. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa upya, kwa sababu ya sentensi moja: "baba atamwona mtoto muda wowote". Muda wowote wa nani? Omba amri yenye siku, saa na mahali. Mfano, mama yuko Nzuguni hapa Dodoma na baba yuko Dar es Salaam: mtoto aende nusu ya likizo ya Juni na nusu ya Desemba, akabidhiwe stesheni ya SGR kwa mzazi mwenyewe, si kwa dereva wa bodaboda, anayempokea alipe nauli, na simu ipigwe Jumatano na Jumapili saa kumi na mbili jioni. Ratiba isiguse siku za shule, kwani sheria inamlinda mtoto katika hilo.

Matunzo yasipotumwa, usimzuie mtoto. Peleka madai mahakamani. Ukizuiwa kumwona, usiache kutuma matunzo. Tuma kwa simu, andika ni ya nini, tunza ujumbe wa muamala. Fedha ya mkononi bila maandishi ni ngumu kuithibitisha.

Amri hizi hubadilika hali ikibadilika. Ukihamishiwa kazi mkoa mwingine, rudi mahakamani uombe marekebisho kabla ya kufunga mizigo. Kumbeba mtoto getini mwa shule bila idhini ya anayemlea kihalali ni kuvunja Sheria ya Mtoto, na ombi lako lijalo litasomwa pamoja na siku hiyo.